Sauti ile ndani ya boti haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya baba yake

Mama wa Ndendere
Ndugu zangu wa Bukavu na Goma, salamu. Jambo hili limekaa rohoni siku tisa sasa. Nalileta hapa kwa sababu nataka kusikia wengine mnalionaje, hasa wazazi.

Alhamisi ya wiki ile nilipanda boti la kasi la asubuhi, Bukavu kwenda Goma juu ya Ziwa Kivu. Nilikuwa nampeleka shangazi yangu, dada ya marehemu baba, anayeumwa tansio, presha ya damu. Mnazijua boti hizi. Kabini imefungwa, magoti yako yanagusa mgongo wa aliye mbele, mashine inanguruma chini ya miguu, na mtakaa humo saa karibu tatu. Ukiwa soko la Kadutu kelele ikakushinda, unahamia meza nyingine. Juu ya maji hauhami.

Viti viwili mbele yetu alikaa baba mmoja kijana na mtoto wake wa kiume, miaka mitatu hivi, sweta nyekundu, viatu vile vya kuwaka taa kwenye kisigino. Tulikuwa bado bandarini, watu wanapakia mizigo. Mtoto alikuwa ametulia kabisa. Amebandika paji la uso kwenye kioo, anaangalia wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaorudi: ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti mirefu imetoka mbele na nyuma kama pembe. Wavuvi walikuwa wanaimba, wanapiga kasia kwa pamoja. Mtoto alikuwa anafuata kasia kwa kichwa, juu, chini, juu, chini. Mdomo wazi.

Baba akamgeuza.

Akampandisha juu ya magoti, akaanza kumrusharusha, na kuuliza kwa sauti ya kujaza kabini nzima: "Tunaenda wapi? Goma! Nani anatungoja Goma? Bibi!" Kila jibu na makofi. Mwanzoni watu tulicheka, mimi pia, ilikuwa furaha ya asubuhi. Lakini haikuisha. Ikafika robo saa, ikapita. Kisha akatoa telefone, akaweka katuni za Kifaransa, akapandisha sauti mpaka mwisho ili ishinde mashine, na yeye mwenyewe anaimba juu yake. Na kila wimbo ukiisha anageuka nyuma kutuangalia sisi, kama mtu aliye jukwaani. Mtoto alikuwa anapapasa kioo kwa mkono mmoja.

Shangazi alijifunika uso kwa kikwembe. Nilimwona anabana meno.

Ndipo kijana wa boti akasimama mlangoni kuonyesha jile za kuokolea. Akainua moja, akavuta kamba za pembeni, midomo yake inacheza. Safu yetu hatukusikia neno hata moja. Mama aliyekaa kando yangu akainuka nusu, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniuliza: "Amesema ziko wapi? Chini ya kiti ao juu?" Nikamwambia sikusikia. Akakaa. Vidole vyake vikaanza kukunja ncha ya kikwembe, kukunja na kukunjua, kukunja na kukunjua, mpaka tulipoacha kisiwa cha Idjwi nyuma. Sikumuuliza, na yeye hakusema. Sisi watu wa ziwa hili hatuhitaji kuulizana. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, wakati barabara ya Minova imefungwa na vita na watu hawana njia nyingine ila maji. Ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika. Watu wa Goma waliona kwa macho yao wakiwa wamesimama ufukweni. Makumi walikufa. Tangu siku ile, mtu akisimama kueleza jile, hayo si maneno ya kupita.

Na mimi nilinyamaza. Mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto watatu, nimeshawaambia watu mambo magumu zaidi ya hayo. Nilinyamaza kwa sababu ukigusa habari ya mtoto wa mtu, jibu liko tayari: "Kumbe wewe haupendi watoto." Kwetu neno lile linakata, na linamkata mwanamke zaidi.

Naomba nieleweke. Mtoto akilia ndani ya boti, alie. Akiwa na njaa, akiwa na usingizi, akiogopa mawimbi, sote tulilia hivyo na kuna watu walituvumilia. Kilio cha mtoto ni mzigo wetu wote. Lakini mtoto aliyetulia, mzazi akaja kumchangamsha kwa nguvu ili watu waone jinsi anavyompenda, kelele ile ni ya mzazi. Mtoto amesingiziwa.

Mama yangu alitofautisha kubembeleza na kuchezesha. Kubembeleza kunafanyika popote: mgongoni, kwenye paja, mdomo karibu na sikio, wimbo mdogo wa Kimashi ambao hata jirani hausikii vizuri. Kuchezesha kuna mahali pake, nje, chini ya mti wa avoka, ambapo tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka na hakuna aliyetukataza. Alikuwa anajua kipi ni cha wapi. Nauliza tulipoteza wapi ujuzi huo.


Papa wa Mapacha
Mama, nakuheshimu, ila hapa nitasimama na yule kijana. Miaka yote kilio cha wamama wa mji huu ni kwamba baba hashiki mtoto. Baba anarudi jioni, anakula, anauliza watoto wamelala, basi. Mimi baba yangu mzazi sikumbuki siku aliyonibeba. Alinilipia shule mpaka mwisho na namshukuru, lakini kunibeba, hapana. Leo kijana anasafiri na mtoto wake peke yake, bila mama, anamrusha, anamwimbia, na tunamletea mashtaka?

Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kucheza. Haukusema acheze kwa kunong'ona.

La jile nakubali. Pale alipaswa kunyamaza, na kijana wa boti alipaswa kungoja asikilizwe.


Mkaaji wa Himbi
Niko Goma. Yangu ni ya hospitali, sitataja ipi. Dada yangu alikuwa na bebe wa miezi saba, homa inapanda, tumekaa kwenye benchi la pediatria tangu alfajiri. Mbele yetu mama mmoja na binti wa miaka miwili ambaye alikuja kwa chanjo tu, mzima kabisa. Yule mama alileta mpira unaolia ukibanwa. Anaubana, mtoto anacheka, anaubana tena. Kila ulipolia bebe wetu alishtuka mwili mzima, mikono inafunguka, analia upya, na tulikuwa tumeshamlaza mara nne. Dada yangu hakusema. Alitoka nje akasimama na mtoto kwenye jua, halafu wakaita namba yetu hatukusikia. Tukapoteza zamu.

Yule mama hakuwa mbaya. Alitusaidia baadaye hata kubeba begi. Hakuona tu.


Mwalimu wa Bagira
Kwenye takisi ni vilevile. Nyawera mpaka Panzi, msongamano wa magari (ambutiyaje) pale Essence, watu wanne nyuma, na katuni ileile mara tisa. Dereva naye anapandisha redio ili aisikie. Kelele inafukuza kelele. Sina la kuongeza.


Muuguzi wa Ibanda
Nafanya kazi na watoto wadogo, basi niseme ninachokijua kwa kazi.

Mama wa Ndendere ameandika kitu ambacho wengi mmekipita: mtoto alikuwa anafuata kasia kwa kichwa. Mtoto yule alikuwa kazini. Hivyo ndivyo ubongo wa miaka mitatu unavyojifunza, anachagua kitu kimoja, anakishika kwa macho, anakirudia. Ukimgeuza katikati umemkatisha. Na mtoto mdogo akizidiwa na sauti ana lugha yake: anageuza uso, anapiga miayo, anasugua macho, anapapasa kitu kingine. Wazazi wengi wakiona anageuza uso wanafikiri amechoka mchezo huu, wanaongeza sauti ao wanaleta mchezo mwingine. Alikuwa anaomba kupumzika.

Kuhusu telefone: Aprili 2019 OMS, shirika la afya la dunia, ilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Chini ya mwaka 1, hakuna skrini kabisa. Kuanzia miaka 2 mpaka 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Safari moja ya Goma inamaliza saa za siku tatu.

Na kama kuna anayesema katuni za Kifaransa zinamfundisha mtoto Kifaransa, asikilize hili. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, kule Seattle Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 ambao nyumbani wanasikia Kiingereza tu. Kundi moja likachezeshwa na kusomewa vitabu na watu wanaosema Kichina, vipindi 12, uso kwa uso. Kundi jingine likaona watu walewale wakisema maneno yaleyale kwenye video. Wale wa uso kwa uso waliweza kutambua sauti za Kichina. Wale wa video hawakupata kitu.

Kwa hiyo Papa wa Mapacha pia ana haki. Baba kumwongelesha mtoto ni chakula. Lakini mtoto anakula kutoka kwenye uso wa baba, na uso wa baba yule ulikuwa umegeukia abiria.


Papa wa Mapacha
Muuguzi, hilo la mwisho limenigusa. Asante.


Mama wa Ndendere
Papa, nimesoma maneno yako kuhusu baba yako mara mbili. Wangu pia alikuwa hivyo, na yule shangazi niliyempeleka Goma ndiye aliyenibeba. Basi jua kwamba sikuandika kumfukuza baba yeyote kwa mtoto wake. Kama angempakata mtoto yule, wakaangalia wavuvi pamoja, akamwambia polepole "ona, huyu wa mbele ndiye anaanzisha wimbo", ningesafiri na furaha mpaka Goma. Angekuwa baba zaidi ya vile alivyokuwa.

Ungesema alifanya kwa upendo na nisingebisha. Lakini sisi wengine tulikuwa watu pia ndani ya kabini ile. Shangazi alikuwa mtu.


Dada wa Muhumba
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi sina mtoto. Nina miaka 38, nimeolewa miaka 12, na kila mtu wa mtaa anajua.

Mwaka jana kwenye kilio cha jirani yetu, watu tumekaa chini, mjane hajamaliza hata siku mbili, mama mmoja akaweka telefone na nyimbo za watoto kwa bebe wake ambaye wala halii. Nilikaa karibu. Nikainama, nikamwambia sikioni, polepole kabisa: "Mama, punguza kidogo, mjane anasikia." Akajibu mbele ya watu wote, kwa sauti: "Ungekuwa umezaa ungeelewa."

Wanawake wote wa mkeka ule waliniangalia, halafu wakaangalia chini. Hakuna aliyesema kitu. Mjane mwenyewe ndiye aliyeamka, akanishika mkono, akanipeleka jikoni tukae naye huko.

Basi mkisema "tuongee na wazazi kwa upole", jueni kuna sisi ambao hatuna ruhusa ya kuongea. Nyinyi mliozaa ndio mnaoweza kusema. Mama wa Ndendere, wewe unao watatu. Neno lako lisingerudishwa kama langu.


Mama wa Ndendere
Dada yangu. Sina jibu la haraka. Umenionyesha kwamba kunyamaza kwangu siku ile hakukuwa heshima. Nilikuwa na ruhusa na sikuitumia, na mama aliyekuwa kando yangu alikaa saa tatu hajui jile iko wapi. Pole kwa neno lile. Pole sana.


Mama wa Wanne, Panzi
Mimi nitasema la upande mwingine, na naomba msinikatize.

Mimi ndiye yule mama wa telefone. Nasafiri na watoto wanne peke yangu, bwana anafanya kazi machimboni, hayupo. Wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Mnasema hapa "mtoto akilia tunavumilia." Si kweli! Mnasema hivyo mkiwa mmekaa nyumbani. Ndani ya takisi mtoto wangu akilia dakika mbili, mmoja anavuta pumzi, mwingine anasema "mpe ziwa huyo", mwingine anauliza kama nimemlisha. Macho yote kwangu. Jasho linanitoka. Basi najifunza: kabla hajaanza kulia, naweka nyimbo. Kabla hajachoka, namrusha, napiga makofi, nacheka kwa nguvu, ili muone anafurahi, ili muone mimi ni mama mzuri. Mama wa Ndendere aliandika baba yule anageuka kuwaangalia. Mimi najua kwa nini anageuka. Anaangalia kama mmekasirika. Baba peke yake na mtoto, watu wanamngoja tu akosee.

Zamani ningepanda takisi na mtoto analia, bibi mmoja angesema "leta huyo", angemweka kwenye paja lake, mtoto angenyamaza kwa kushangaa uso mpya. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia "leta huyo."


Mkaaji wa Himbi
Wanaogopa. Mji umekuwa na vita, watu hawajuani, ukinyoosha mkono kwa mtoto wa mtu unaweza kuitwa mwizi wa watoto. Mimi mwenyewe sinyooshi tena.


Mama wa Ndendere
Mama wa Wanne, nimekaa na maneno yako usiku wote. Mimi niliona mtu aliye jukwaani. Huenda nilikuwa naangalia mtu mwenye hofu. Sikumjua, sitajua. Lakini nilikuwa viti viwili nyuma yake, mikono mitupu, na sikusema "leta huyo" wala "papa, mwache aangalie wavuvi, ni wazuri." Ningesema hilo la pili kwanza. Halimwaibishi mtu.

Bado naamini sauti ile ilikuwa nyingi na mahali hapakuwa pake. Hilo sijabadilisha. Ila nilifikiri dawa ni yeye kunyamaza, na sasa naona alihitaji kwanza kuona kwamba sisi hatujakasirika.


Mwalimu wa Bagira
Nimejaribu leo kwenye takisi. Mtoto wa kike, katuni juu. Nikamwonyesha vidole vyangu, kile kimchezo cha kidole gumba kinapotea. Aliacha telefone dakika tano hivi, mama yake akaizima mwenyewe bila mimi kusema. Tukafika Essence kimya.


Mtu wa Bandari
Samahani nimechelewa kuona uzi huu, mwenzangu ndiye alinitumia. Nafanya kazi kwenye boti, siyo lazima niseme lipi. Inawezekana niliyesimama pale mlangoni ni mimi, inawezekana ni mwingine, sote tunafanya vilevile. Tunaonyesha jile mara moja, haraka, mashine tayari inawaka, halafu tunakwenda kufungua kamba. Tunaona watu hawasikii. Tunaendelea tu kwa sababu tumeambiwa tuondoke kwa saa.

Jana nilizungumza na wakubwa wangu wa boti. Tumekubaliana tangazo lifanyike kabla ya kuwasha mashine, na kabla ya kuanza tuombe telefone zote zizimwe sauti, za watoto na za wakubwa. Wakubwa ndio wengi, naomba nalo liandikwe. Wanaume na mpira wao, wamama na mahubiri yao. Tukiomba, mtusaidie. Mmoja akikataa sisi vijana hatuwezi kumlazimisha mzee.

Na kwa yule mama aliyekuwa anakunja kikwembe, kama anasoma ao kuna anayemjua: ukipanda, mwambie yeyote kati yetu akuonyeshe. Tutakuvalisha yenyewe mwilini, ujue kamba zinafungwa vipi. Siyo usumbufu.


Mama wa Ndendere
Kaka yangu wa bandari, Mungu akulinde juu ya maji. Nitampeleka tena shangazi Alhamisi ijayo, kwa daktari uleule. Safari hii nakuja na mtoto wangu wa mwisho, ana miaka minne na hajawahi kukaa kimya. Nitaomba kiti cha mbele, upande wa dirisha. Ukiomba telefone zizimwe, nitasimama kwanza mimi.

Mama wa Wanne, kama unasafiri siku ile, nitavaa kikwembe cha kijani chenye ndege. Leta huyo wa mwaka na nusu.


Mama wa Wanne, Panzi
Sisafiri Alhamisi, ni mwezi ujao. Nimeandika rangi ya kikwembe.